Msimwambie mama "akikua itaisha"

Wadogo zangu mlioripoti mwezi huu, nawapenda, ila jana nilisikia mmoja wenu akimwambia mama wa mtoto wa miaka sita, "Usijali mama, hii pumu ya utotoni, akikua itaisha." Mama akashusha pumzi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikashindwa kuendelea na mgonjwa wangu, maana maneno hayo niliwahi kuyasema.

1. Kutulia si kupona. Wengi hutulia kweli, hasa wale ambao kifua kinawalia wakiwa na mafua tu. Njia za hewa hukua pamoja na mwili, filimbi za kifuani zikanyamaza, na uvimbe wa ndani unaweza kuwa bado upo. Kule Dunedin, New Zealand, waliwafuatilia watoto waliozaliwa 1972 na 1973: walipofika miaka 26, zaidi ya mmoja kati ya wanne kifua kilikuwa bado kinalia tangu utotoni, au kilitulia kikarudi. Utafiti wa Melbourne ulionyesha kuwa kati ya waliokuwa na pumu kali utotoni, ni asilimia 15 tu waliokuwa wametulia kufikia miaka 50.

2. Angalieni ngozi. Nilikuwa na kijana wa miaka 14, pumu tangu ana miaka miwili, pumu ya ngozi (ekzema) kwenye mikunjo ya viwiko, mama yake naye ana pumu. Dalili zote za pumu isiyoaga zilikuwa mbele yangu. Lakini alikuwa amekaa mwaka mzima bila kubanwa, foleni ilikuwa ndefu, na mama alichoka kununua pampu ya kahawia, ile ya kila siku ya kutuliza uvimbe. Nikaandika kwenye daftari, "Pumu imekwisha. Aache dawa." Nikapiga mstari chini.

Miaka mitano baadaye, saa tisa usiku, nikiwa zamu, akaletwa kwa bodaboda. Alikuwa ameanza kazi kwenye karakana ya seremala. Miezi kadhaa alikohoa usiku. Alikokwenda alipewa dawa za nimonia mara tatu, akapimwa makohozi mara mbili. Kila alipoulizwa kama ana pumu alijibu hapana, na alikuwa mkweli, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hana. Alikaa ameshika kingo za kitanda, mabega yamepanda, akitoa neno mojamoja. Nikaweka stetoskopu, kimya. Anayefanya kazi hii anajua kifua kimya cha pumu kinamaanisha nini: hewa karibu haipiti kabisa. Oksijeni, nebulaiza (mashine ya mvuke wa dawa) mfululizo, haidrokotizoni, na mikono yangu ikitetemeka kutafuta mshipa.

Alfajiri filimbi zikarudi, nikashukuru Mungu kuzisikia. Mama yake akafungua mkoba, akatoa daftari lile lile, limefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Hakunilaumu. Alinionyesha ukurasa, akauliza, "Daktari, hapa si mliandika imekwisha?" Nilimwambia mwandiko ni wangu na kwamba nilikosea. Kijana aliruhusiwa siku ya nne.

3. Wasichana. Utotoni wavulana ndio wengi kliniki. Baada ya kubalehe wanawake huwazidi, kwa hiyo binti wa miaka 16 anayebanwa kabla ya hedhi msimpe jina la wasiwasi tu.

4. Mtu mzima na kijana asiachwe na pampu ya bluu, ile ya kufungua njia za hewa haraka, peke yake; GINA, wale wanaotoa mwongozo wa pumu wa dunia, waliliacha hilo tangu 2019. Mwambieni atumie pampu yake mbele yenu, mwone anavyofanya. Kama hakuna spesa, kile chombo cha kushika dawa ya pampu kabla ya kuvutwa, toboeni kitako cha chupa ya maji ya nusu lita mchomeke pampu. Asukutue mdomo baada ya ile ya kahawia. Muulizeni kazi, sigara, na jiko la nyumbani ni la nini.

5. Siku hizi naandika, "Pumu imetulia. Aulizwe kila ajapo." Na mama namweleza: ikirudi, hata akiwa na miaka 30, aseme mapema kwamba aliwahi kuwa nayo.

Yule mama wa jana anarudi Alhamisi kuchukua majibu. Uliyeongea naye, mwite wewe mwenyewe, umkalishe, umrekebishie. Nitakuwa chumba cha pili.