Kambare wa tangi akibadilika rangi: pima maji kabla ya kushika dawa

Ukiwasha taa alfajiri ukakuta pleko amepauka na koridora (wote ni aina za kambare wa tangi) wamekuwa kama wamemwagiwa maziwa, usikimbilie dukani. Ngozi ya kambare ina seli za rangi nyeusi. Ile rangi ikijikusanya katikati ya seli samaki hupauka, ikitawanyika hukolea. Giza la usiku, woga, au kuhamishwa kwenye mfuko wa plastiki hutosha kuisogeza. Ngoja nusu saa. Akirudi rangi yake na akala, hapana ugonjwa.

Asiporudi, tazama chini kabla ya kumtazama yeye. Wanaoanza kufuga Mombasa hupenda kujichotea mchanga mweupe wa ufuoni kwa kuwa ni bure. Sehemu kubwa yake ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Kambare juu ya sakafu nyeupe hupauka ili afanane nayo, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba chokaa huyeyuka kidogo kidogo na kupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, hadi kukaribia 8. Weka mchanga kijiko kimoja kwenye siki. Ukitoa mapovu, usiutie tangini. Tafuta mchanga laini wa mto, uoshe mpaka maji yatoke safi. Kokoto zenye ncha zinaweza kuwakata koridora masharubu. Maji ya kisima yanayouzwa kwa mitungi ya mkokoteni nayo mara nyingi ni magumu, yaani yenye madini mengi, na yana chumvi, kwa hiyo yapime kabla ya kuyamimina.

pH ina uzito kwa sababu ya amonia, inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki. Kila pH inapopanda kwa 1, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Funua macho utazame matamvua. Yakiwa mekundu kama yaliyochomwa, shuku amonia. Yakiwa ya kahawia kama chokoleti, shuku nitriti, sumu inayotokana na amonia, ambayo hubadilisha damu isiweze kubeba oksijeni. Koridora kupanda juu mara moja moja kugugumia hewa ni kawaida yao. Wakipanda kila dakika, maji yameharibika.

Amonia na nitriti zote zinatakiwa zisome 0. Kipimo cha matone kinaaminika kuliko cha karatasi. Zikisoma zaidi, badilisha theluthi hadi nusu ya maji. Maji ya mfereji yatoe klorini kwanza: yaache kwenye ndoo saa 24 huku pampu ya hewa ikifanya kazi, au utie dawa ya kuondoa klorini. Ikiwa maji yametiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuyaacha wazi hakusaidii, hapo ni dawa tu. Kwa nitriti ongeza chumvi isiyo na viungo, gramu 1 kwa lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54 likijaa pomoni. Ukitoa mchanga na nafasi ya juu, hesabu 45. Iyeyushe pembeni, uitie kwa mafungu matatu ndani ya saa kadhaa. Amonia haiondolewi na chumvi.

Tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kula sumu hizi. Sifongo la filta ukiliosha kwa maji ya mfereji, klorini inawaua. Lisuuze ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Stima ikikatika saa nyingi, bakteria walio ndani ya filta iliyofungwa hukosa hewa wakafa. Suuza sifongo kabla ya kuiwasha filta tena, kisha pima amonia siku mbili tatu zinazofuata.

Vidoa vyeupe kama punje za chumvi ni vimelea vya ngozi. Baka la kijivujivu mgongoni, lililokaa kama tandiko la punda, aghalabu ni bakteria, na dawa zake ni tofauti. Kambare hana magamba ya kawaida, kwa hiyo dawa ya kijani ya malakaiti anza na nusu ya kipimo, na dawa zenye shaba epuka. Ushauri wa kupasha maji ili kutibu vidoa vyeupe ulitoka nchi za baridi. Hapa mwezi wa Februari na Machi maji yanaweza kufika nyuzi 29 bila hita yoyote, na kuyapasha zaidi kunapunguza oksijeni kwa samaki ambaye tayari anahema. Ongeza mapovu, fyonza mchanga kila siku.

Mmoja akikolea peke yake na wenzake wako sawa, mchunguze macho: samaki aliyepofuka mara nyingi hubaki mweusi. Kambare wa Kongo anayeogelea chali, yeye tumbo lake ndilo jeusi kuliko mgongo kwa kawaida yake, mwache. Lakini kambare wa kioo, ambaye mifupa huonekana, akigeuka mweupe mzito mwili mzima, usingoje kesho. Pima, badilisha maji saa hiyo hiyo.