Jaribio Likifeli, Tiketi Ifunguke Yenyewe, Ila Iwe Moja

Kuifanya programu ifungue tiketi (taarifa ya hitilafu kwa timu) jaribio likifeli ni kazi ndogo. Kazi ipo kwenye kuizuia isifungue tiketi hamsini kwa hitilafu moja, maana timu ikishazoea kupuuza tiketi za roboti, hata ile ya maana itapitwa.

Tuchukue Playwright, zana ya kujaribu tovuti kwenye vivinjari, na Jira, mfumo wa kutunza tiketi. Weka `retries: 2`, yaani jaribio lililofeli lirudiwe hadi mara mbili. Jaribio likifeli kisha likapita kwenye marudio, Playwright hulihesabu `flaky`, yaani lisilotabirika. Hilo liwekee orodha yake, lisipewe tiketi. Tiketi ni ya jaribio ambalo `outcome()` (tokeo la mwisho baada ya marudio yote) yake ni `unexpected`.

Kazi hii ifanywe na ripota, yaani kodi yako ambayo Playwright huiita majaribio yakianza, yakiendelea na yakiisha. Usitume ombi kwa Jira kwenye `onTestEnd`, inayoitwa jaribio likiisha. Huitwa kila marudio, tena haisubiriwi, kwa hiyo mchakato unaweza kufungwa ombi likiwa njiani. Shika `suite` (mkusanyiko wa majaribio yote) kwenye `onBegin`, mwanzoni, halafu pitia `suite.allTests()` ndani ya `onEnd`, mwishoni, ambayo husubiriwa.

Sasa alama ya utambulisho, ya kujua kama kosa hili tayari lina tiketi, na hapa ndipo wengi huharibu. Unganisha njia ya jina la jaribio na ujumbe wa kosa, piga heshi (maandishi yale yale hutoa msimbo ule ule), chukua herufi 12 za mwanzo, uifanye lebo ya tiketi. Lakini safisha kwanza. Ujumbe huja na misimbo ya rangi za terminali: iondoe. "Oda 48213 haikuonekana" kesho itakuwa 48977, basi kila namba igeuze N. Namba ya mstari wa kodi usiitie kwenye heshi kabisa; mtu akiongeza mstari mmoja juu yake, umepata tiketi mpya bure. `titlePath()`, inayotoa njia ya jina la jaribio, nayo hubeba jina la mradi, ambalo kwa kawaida ndilo jina la kivinjari. Likate, ili kosa lile lile kwenye Chromium, Firefox na WebKit liwe tiketi moja, vivinjari vitajwe kwenye maelezo.

Kusanya makosa kwa alama kwenye kumbukumbu kabla ya kuigusa Jira, kwa sababu tiketi iliyofunguliwa sekunde hii huenda isionekane mara moja kwenye utafutaji. Kisha tafuta lebo hiyo pamoja na `statusCategory != Done`. Ikiwepo, ongeza maoni yenye kiungo cha bildi na namba ya komiti. Isipokuwepo, fungua mpya.

Kwenye `/rest/api/2/issue`, anwani ya Jira ya kufungulia tiketi, maelezo ni maandishi ya kawaida. Toleo la 3 linataka ADF, muundo wa JSON wa Atlassian, na ukilipelekea maandishi ya kawaida litakukatalia kwa kosa la 400. Viambatisho hutumwa kwa ombi la pili, sehemu iitwe `file`, na kichwa `X-Atlassian-Token: no-check` kisikosekane. Faili la trace, yaani rekodi ya hatua za jaribio, huweza kubeba kuki na tokeni, hivyo majaribio yatumie akaunti za majaribio tu.

Kama majaribio yamegawanywa kwenye mashine kadhaa, kila moja itoe ripoti ya `blob` (faili la matokeo yake ya kuunganishwa baadaye), uziunganishe kwa `merge-reports`, na ripota yako iendeshwe hapo mara moja, kwa tawi kuu pekee. Yakifeli zaidi ya kumi kwa mpigo, fungua tiketi moja ya mazingira: mara nyingi ni seva iliyolala.