Maswali ya Wasomaji: Baiskeli Iliyotumika Mjini Cambridge

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma na ninakwenda kusoma Cambridge, Uingereza, ambako wanafunzi wengi huendesha baiskeli. Je, ninunue iliyotumika?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, nunua iliyotumika, kwa kuwa mji ule ni tambarare, tofauti na vilima vya chuo ulichotoka, na baiskeli ya gia chache itakutosha. Linalonitia wasiwasi zaidi ni wizi: kabla ya kulipa, ipindue baiskeli, usome namba iliyogongwa chini ya fremu karibu na pedeli, na kama imekwanguliwa, achana nayo hata bei ikiwa ndogo namna gani. Bakiza fedha za kufuli imara la chuma, ufunge fremu pamoja na gurudumu kwenye nguzo iliyosimikwa ardhini. Kagua pia breki na cheni. Utapita kushoto kama hapa kwetu. Ila usiku sheria inadai taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na mwezi Desemba jua huzama huko kabla ya saa kumi jioni.