Tuulize kwanza nani ana amri ya kusimamisha onyesho

Mmeuliza kama sheria ibadilishwe ili viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, vitoke mikononi mwa TanTrade, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya biashara, na kupewa mwendeshaji binafsi. Jibu langu ni hapana. Ila linaloniuma zaidi ni hili: upepo ukichafuka usiku, nani ana amri ya kuzima muziki na kuwaondoa watu mbele ya jukwaa?

Tazameni Indiana, Marekani. Viwanja vya maonyesho ya jimbo, mjini Indianapolis, viko chini ya kamisheni ya serikali iliyoundwa kwa sheria. Tarehe 13 Agosti 2011, kabla tu ya saa 3 usiku, upepo uliotangulia mvua ya radi uliangusha paa la jukwaa juu ya watu waliokuwa wakiisubiri bendi ya Sugarland. Walikufa 7.

Wahandisi walikuta waya za kuzuia jukwaa lisiyumbe zimefungwa kwenye vizuizi vya zege, vile vya barabarani, vilivyokaa juu ya ardhi bila nanga. Wengi huamini tani 2 za zege haziendi popote. Zinakwenda. Waya ulioinama kwa pembe ya digrii 45 huvuta kando na papo hapo hunyanyua, na zege likinyanyuliwa msuguano hupungua. Msuguano ukiwa 0.4 (yaani sehemu 4 kati ya 10 za uzito unaokandamiza ardhi), kizuizi cha kilo 2,000 huanza kuteleza waya ukivuta kwa nguvu ya kama kilo 800. Penye udongo uliolowa, mapema zaidi. Kimoja kikiteleza, waya wake unalegea, mzigo unahamia kwa kingine, nacho kinafuata. Kanuni zilitaka jukwaa lihimili maili 68 kwa saa, yaani kama kilomita 109. Upepo wa usiku ule haukufika hapo.

Sheria ya jimbo haikudai jukwaa la muda likaguliwe. Tahadhari ya hali ya hewa ilishatoka, wakubwa bado wanashauriana, kwa kuwa mpango wa dharura haukueleza wazi neno la mwisho ni la nani. Mwaka 2012 bunge la jimbo liliweka masharti ya majukwaa ya nje, na kuwatengea waathirika dola milioni 6 juu ya kikomo cha milioni 5 cha fidia kwa tukio moja.

Sasa, ile ilikuwa kamisheni ya serikali, hakuwa mfanyabiashara. Kwa hiyo "hapana" yangu inalegea. Sabasaba huja upepo wa kusi ukivuma. Sheria itamke: mhandisi asaini mahesabu ya kila jukwaa, kiwango cha upepo cha kusimamisha onyesho kiandikwe, amri iwe ya mtu mmoja, anayetajwa kwa cheo, asiye na fungu kwenye viingilio. Hayo yakiwemo, mwendeshaji binafsi na apewe, mradi ardhi ibaki ya umma na mkataba uwe mfupi. Yasipokuwemo, asipewe, na waliopo nao wasiruhusiwe kufunga jukwaa. Kipima upepo kikae juu ya paa, maana chini mabanda hukinga upepo, na kisomwe kabla ya geti kufunguliwa.