Deksa za Harusi Yangu

"Dada, harusi yangu mwezi wa nane na nimekonda. Picha zako za send-off ulikuwa umejazia. Ulitumia nini?"

Ujumbe huo uliingia juzi usiku. Miaka minne nimekuwa nikijibu "msosi tu, mpendwa". Nilidanganya. Nilikuwa nakunywa deksa, vile vidonge vya deksamethasoni.

Shangazi yangu mmoja aliuliza mbele ya wageni kama gauni tutamvisha bibi harusi au henga. Watu wakacheka, nami nikacheka, kesho yake nikaenda duka la dawa. Muuzaji hakuuliza cheti. Nikanywa miezi mitatu. Mashavu yakavimba, hamu ya kula ikawa ya mchunga ng'ombe, na sifa nilizopata, jamani! Sitasema sikuzifurahia. Hata shangazi alinyamaza.

Baada ya harusi nikaacha ghafla. Siku chache tu, nikashindwa kuinuka kitandani: kutapika, jasho la baridi, kizunguzungu. Mama mkwe akaanza kutabasamu akidhani ni mimba. Hospitalini presha ilikuwa 70 kwa 40, sukari imeshuka. Nesi akaniuliza dawa ninazotumia, nikasema situmii chochote. Aibu ile nusura initoe roho.

Nilipokiri, daktari alinichorea nyuma ya karatasi figo mbili, juu ya kila moja kikofia: tezi za adrenali. Ya kulia kama piramidi, ya kushoto kama mwezi mwandamo, kila moja gramu 4 au 5 hivi. Kiini chake hutoa adrenalini, ile inayokudundisha moyo mbwa akikubwekea nyuma. Gamba la nje lina tabaka tatu. La juu hutoa aldosteroni, inayozuia chumvi na maji visipotee ili presha isimame. La ndani kabisa hutoa homoni za mlengo wa kiume, hata kwetu wanawake. La kati hutoa kortisoli.

Kortisoli ndiyo kesi yangu. Hupanda alfajiri, hushuka usiku wa manane, hulinda sukari na presha, na mwili huihitaji zaidi ukiugua. Tezi haiitoi bila amri ya homoni ya ACTH kutoka pituitari, chini ya ubongo. Sasa deksa hufanya kazi ya kortisoli kwa nguvu ya mara 25 hivi. Ubongo ukiona imejaa hunyamaza, na tezi isiyoamrishwa husinyaa. Nilipoacha nilifunga bomba la dukani wakati kisima cha nyumbani kimeshakauka.

Waliniwekea haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, kwenye mshipa, na dripu. Jioni nikaomba chai. Kisha vidonge vya kupunguza taratibu, miezi. Michirizi ya mapajani ipo hadi leo.

Wadogo zangu, acheni kununua mwili dukani! Na kama umeshakunywa wiki kadhaa, usiache mwenyewe ghafla. Nenda hospitali, taja jina la dawa, wakupunguzie wao. Mkorogo wenye klobetasoli, dawa ya jamii moja na deksa, nao hupenya ngozi ukazilaza tezi zilezile, kwa hiyo utaje pia. Utaje, mama, hata kama mkwe amesimama hapo. Kunenepa kwenyewe ni nini? Mume wangu alinipenda nikiwa henga.

Yote haya nilimwandikia yule binti. Akasoma, akakaa kimya kidogo, akajibu: "Pole sana dada. Kwani ulikuwa unakunywa vingapi kwa siku?"