Mshahara Karibu Mara Mbili, Mji Nisioutaka: Nisaini?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, mke na watoto wawili. Mdogo ana pumu. Nimepata kazi inayolipa karibu mara mbili ya ninachopata sasa, ila iko kwenye mji wa viwanda, mwendo wa saa tisa kutoka tunapoishi. Ni vumbi tupu, huduma ni haba, na kila niliyemuuliza kuhusu mji huo amenikunjia uso. Baadhi ya wafanyakazi hukaa mji jirani ulio mzuri zaidi na kusafiri saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Mke wangu ana kazi hapa inayoingiza kama asilimia 40 ya mshahara wangu wa sasa. Amesema atafuata nitakachoamua. Wiki ijayo natakiwa kujibu. Nisaini?*
*Njia Panda*

Marahaba, mwanangu.

Umeandika mistari mingi juu ya mshahara na neno moja tu juu ya pumu. Tuanze na pumu. Vumbi huichokoza pumu, na moshi wa viwanda wenye salfa unaweza kumbana kifua mwenye pumu ndani ya dakika chache. Kabla hujashika kikokotoo, mwone daktari wa mtoto, mtajie ni viwanda vya aina gani vilivyo pale, umuulize waziwazi kama mtoto anaweza kuishi hapo. Kisha ujue ni hospitali gani ya karibu yenye oksijeni na mhudumu aliye macho saa nane za usiku, na ni dakika ngapi kuifikia. Daktari akikataa, suala la kuhama na familia limekwisha, na linabaki swali la wewe kwenda peke yako.

Sasa pesa. Mwajiri hakulipi zaidi kwa sababu amekupenda. Mchumi Adam Smith alishaandika mwaka 1776 kwamba kazi isiyopendeza hulazimika kulipa zaidi ili ipate watu. Hata Umoja wa Mataifa hupanga vituo vyake vya kazi kwa madaraja: H kwa makao makuu na sehemu zinazofanana nayo, kisha A hadi E kadiri ugumu unavyozidi, na posho hufuata daraja. Wanaangalia usalama, afya, makazi, hali ya hewa, mji ulivyotengwa, pamoja na huduma za kawaida. Chukua mambo hayo sita, uupime mji wako kwa moja moja. Kusema tu kwamba mji ni mbaya hakukusaidii kuamua. Ukijua kwamba usalama ni mzuri lakini maji hutoka mara mbili kwa wiki, hapo una jambo la kushughulikia.

Mara mbili uliyoandika karibu nina hakika ni mshahara kabla ya makato. Tuchukulie leo unapeleka nyumbani 100, na kule karatasi inasema 180 kwa kipimo hichohicho. Palipo na kodi ya ngazi, sehemu ya juu ya mshahara hukatwa zaidi, kwa hiyo tuseme mkononi inafika 160. Ukienda peke yako unaendesha nyumba mbili: pango, chakula na umeme wa kule 25, safari ya mara moja kwa mwezi 6, na vidogovidogo visivyokosekana 2. Inabaki 127. Ukienda na familia, ile 40 ya mkeo inakatika. Leo nyote wawili mna 140, kule mtakuwa na 160, na bado hujalipia kuhamisha vitu wala shule mpya. Nyongeza ya 80 imekuwa 27 upande mmoja na 20 upande mwingine. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Lakini fanya hesabu kwa mtindo huu, kwa sababu kinachokuhusu ni kile kinachobaki.

Tena tenga mshahara wa msingi na posho. Mahali pengi pensheni na kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi pekee, na posho ya mazingira magumu huondoka siku unapohamishwa. Wanaoumia zaidi ni waliochukua mkopo kwa kuhesabu mshahara na posho pamoja: posho ikikatwa, rejesho halipungui, na mtu anabaki amefungwa kwenye mji asioutaka na deni la nyumba asiyoishi. Kama lazima ukope, kopa kwa kiwango ambacho mshahara wako wa leo ungekibeba.

Ile njia ya tatu, kulala mji jirani, inavutia na ndiyo inayodanganya wengi. Saa tatu kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni saa 66. Hizo ni zaidi ya zamu nane za saa nane ambazo hakuna anayekulipa. Mwaka 2008 wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, wakitumia takwimu za Ujerumani, walionyesha kuwa watu wenye safari ndefu za kazini hawaridhiki na maisha yao kama wenye safari fupi, ingawa mtu angetarajia mshahara au nyumba nzuri iwe imewafidia. Mshahara mkubwa huzoeleka upesi. Foleni ya kila asubuhi haizoeleki. Mimi ningechagua chumba kidogo karibu na kazi siku tano, kuliko nyumba nzuri ninayoiona gizani tu.

Na mkeo. “Nitafuata utakachoamua” si ridhaa. Amejitoa kwenye hesabu ili baadaye asiulizwe. Wewe utakuwa kazini mchana kutwa, kwenye ofisi yenye watu na shughuli. Atakayeishi kwenye mji huo hasa ni yeye: foleni ya maji, zahanati, watoto wasio na pa kuchezea, na hana kazi yake tena. Kaa naye na karatasi ya hesabu mezani, umuulize angefanya nini kule siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Akikosa jibu, usimhamishe.

Halafu nenda ukauone mji, siku tatu, zikiwemo siku ya kazi na ya mapumziko, kwa usafiri ambao familia ingeutumia. Usilale pale mwajiri atakapokupangia. Fungua bomba asubuhi na jioni. Futa kizingiti cha dirisha kwa kitambaa cheupe usiku, ukifute tena alfajiri, utaona mapafu ya mtoto yatavuta nini. Mtafute aliyewahi kushika nafasi hiyo. Kama wamepita watu wanne kwa miaka mitano, muulize kwa nini waliondoka. Mwajiri hawezi kukujibu swali hilo kwa haki.

Muda wa kudai mambo ni baada ya kupewa ofa kwa maandishi na kabla ya kusaini, ukishasaini umechelewa. Usikazanie mshahara tu. Omba nauli ya kurudi nyumbani ilipwe na mwajiri, siku za njiani zisihesabiwe kwenye likizo, na mapumziko yapangwe kwa mafungu, kwa mfano siku 10 kazini na 4 nyumbani. Soma kipengele cha gharama za kuhama: waajiri wengine hudai uzirudishe ukiondoka kabla ya miaka miwili. Nyumba ikiwa ya kazi, uliza unapewa siku ngapi za kuhama mkataba ukivunjwa, maana siku hiyo utapoteza kazi na paa pamoja. Familia isihame, na nyumba yenu ya sasa isiachwe, mpaka kipindi cha majaribio kiishe.

Kwa ulivyonieleza, jibu langu ni hili: usihamishe familia. Nenda peke yako, na iwe tu kama ile 27, au itakavyokuwa kwako, ina kazi maalumu: kumaliza kiwanja, kulipa deni, ada ya miaka fulani. Andikeni kiasi na tarehe ya kurudi, wewe na mkeo mtie sahihi, na benki ihamishe pesa hiyo siku ileile ya mshahara kabla hujaigusa. Kama hamwezi kutaja pesa hiyo ni ya nini, kataa ofa bila kujilaumu.

Wiki moja haitoshi kwa haya. Mwandikie mwajiri leo, shukuru, omba siku 14, na useme unataka kwanza kuutembelea mji. Kama kweli anakuhitaji atakupa. Akikataa, muulize anaharakia nini.