Maswali ya Wasomaji: Mkutano Mkuu wa Kijiji

SWALI: Tangu tuchague viongozi Novemba 2024 hatujaitwa mkutano mkuu hata mmoja. Michango ya zahanati tumetoa, mapato na matumizi hatujasomewa. Tuanzie wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Anzieni na barua. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu, nao huitishwa walau mara moja kila miezi mitatu. Mwandikieni mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata, mkitaja ajenda moja tu: taarifa ya mapato na matumizi. Saini zitoke kila kitongoji, maana barua ya watu wa kitongoji kimoja, au wa chama kimoja, huitwa siasa na kufungiwa kabatini. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, la sivyo mtaambiwa haikufika. Wakikaa kimya, mwoneni diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya.

Pendekezeni na siku. Mkutano unaoangukia siku ya mnada au katikati ya palizi hukosa watu, ukaahirishwa bila tarehe nyingine kutajwa.

Taarifa ikisomwa, msiridhike na jumla. Salio la kuanzia lazima lilingane na salio lililofunga robo iliyopita. Wakisema imenunuliwa mifuko 60 ya saruji, ombeni risiti, kisha hati ya mapokezi iliyosainiwa na kamati iliyopokea saruji hiyo, kisha leja ya stoo: ilitoka mifuko mingapi, lini, ikachukuliwa na fundi gani. Risiti inaonyesha pesa ililipwa. Haionyeshi kwamba saruji ilifika. Na ulizeni kwa tarakimu. Anayesimama na kusema "mmekula" humpa mwenyekiti sababu ya kufunga mkutano, lakini swali la "mifuko 22 isiyoonekana kwenye leja iko wapi?" si rahisi kulikwepa. Kabla ya kutawanyika, mtendaji asome maazimio aliyoyaandika: nani afanye nini, kufikia tarehe ipi.

SWALI: Wanawake tunahudhuria, ila hatuongei. Tufanyeje? – Mama wa watatu, Singida

JIBU: Kaeni kwanza kwenye kitongoji, mkubaliane hoja moja, tuseme ya maji, na wasemaji wawili, wa pili akiwa tayari kumuunga mkono wa kwanza papo hapo. Keti mbele. Hoja ya maji ikisemwa na mtu mmoja peke yake, huzimwa haraka.

SWALI: Ardhi yetu amepewa mwekezaji, tunaambiwa tulikubali mkutanoni. Hatukumbuki. – Msomaji, Pwani

JIBU: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Basi ombeni, kwa maandishi, muhtasari wa mkutano huo pamoja na orodha ya mahudhurio. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka mjibiwe ndani ya siku 30. Mkiipata orodha, angalieni kichwa chake. Karatasi ya saini isiyo na tarehe wala ajenda inaweza kuwa ya kikao kingine kabisa, ikabandikwa nyuma ya muhtasari wa ardhi. Kuanzia sasa, asisaini mtu karatasi ambayo tarehe na ajenda hazijaandikwa juu yake kwa kalamu ya wino.